Maneno ya kifo katika Kiingereza: historia ya neno moja na misemo yake

0. Utangulizi

Mwanafunzi wa lugha anayekutana kwa mara ya kwanza na msemo wa Kiingereza «to kick the bucket» aghalabu huufasiri neno kwa neno, akapata mtu anayepiga ndoo teke. Mwalimu humweleza kwamba maana yake ni kufa, na somo huishia hapo. Swali la pili, yaani kwa nini ndoo, ama halijibiwi, ama hujibiwa kwa hadithi iliyobuniwa baadaye. Hata hivyo swali hilo ni la historia. Msemo hauzaliwi hewani. Huzaliwa mahali fulani, miongoni mwa watu wa kazi fulani, katika wakati unaoweza kutafutwa.

Makala haya yanafuatilia neno «death» (kifo) na kitenzi «die» (kufa), pamoja na baadhi ya misemo iliyokua kuyazunguka, tangu Kiingereza cha kale hadi karne ya 20. Hoja yake ni kwamba maneno ya kifo hayaonyeshi tabia ya taifa, kana kwamba Waingereza wangekuwa watu wa mzaha au wa woga kuliko wengine. Yanaonyesha tabaka za historia: wahamiaji wa kwanza, wavamizi wa Kaskazini, mabwana waliosema Kifaransa, tauni, machinjio, mti wa kunyongea, gereza na vita. Kila tabaka liliacha maneno yake, na kila neno lina alama ya waliokuwa na mamlaka juu ya maiti na kaburi.

Jambo hilo linawahusu wanafunzi wa Kiswahili kwa sababu tatu. Kwanza, linamsaidia mfasiri. Pili, linatoa njia ya utafiti inayoweza kutumika kwa Kiswahili chenyewe. Tatu, lugha hizi mbili zilikutana katika jambo la kifo wakati wa vita vya 1914-1918, na mkutano huo uliacha maandishi ambayo yamezua mjadala hadi karne hii.

1. Nomino ya kale na kitenzi kisichoonekana

Nomino «death» ni urithi wa lugha za Kigermaniki. Kiingereza cha kale kilikuwa na «dēaþ». Kijerumani kina «Tod», Kiholanzi kina «dood», na Kigothi, kilichoandikwa tangu karne ya 4, kilikuwa na «dauþus». Ufanano huo hauwezi kuwa wa bahati. Hali kadhalika kivumishi «dead» kimekuwapo tangu maandishi ya kwanza.

Ajabu iko kwenye kitenzi. Mtu angetazamia kwamba lugha yenye nomino ya kifo na kivumishi chake ingekuwa pia na kitenzi cha mzizi ule ule. Lakini maandishi ya Kiingereza cha kale yaliyobaki hayatumii «die». Yanatumia vitenzi vingine: «steorfan», «sweltan», «cwelan», na tasfida «forðfēran», yaani kwenda mbele, kusafiri. Katika Tarehe za Waanglo-Saksoni, kitabu cha matukio ya mwaka kwa mwaka kilichoanza kukusanywa mwishoni mwa karne ya 9, wakati wa mfalme Alfred, wafalme na maaskofu huenda mbele kwa kitenzi hicho cha mwisho. Kitenzi «die» kinajitokeza katika maandishi ya karne ya 12 na ya 13 tu, na baada ya hapo kinaenea haraka.

Hali ya lugha za Kibantu ni tofauti, na tofauti hiyo inafundisha. Katika Kiswahili mambo yote hutoka kwenye kitenzi: -fa huzaa kifo, mfu, ufu, kufia, kufisha. Mzizi huo ni wa familia nzima. Kikongo, Ciluba na Kibemba vina -fwa, Kizulu na Kiganda vina -fa, Kinyarwanda kina gupfa. Wataalamu wa Kibantu huyarudisha maumbo hayo kwenye mzizi mmoja wa kale ulioanza kwa k iliyofuatwa na irabu u ya juu sana; mbele ya irabu hiyo, k ikageuka kuwa f katika lugha nyingi. Kwa hiyo mtu wa Lubumbashi anayesema «kufa» anatumia kitenzi ambacho mababu wa Wabantu walikitumia kabla ya kuhama. Mwingereza anayesema «die» hana uhakika huo. Kitenzi chake huenda ni cha mgeni.

2. Watu wa Kaskazini na kitenzi chao

Mnamo 793 mabaharia kutoka Skandinavia waliishambulia nyumba ya watawa ya Lindisfarne, katika pwani ya kaskazini-mashariki ya Uingereza. Mwaka 865 lilifika jeshi kubwa ambalo halikurudi kwao. Wengi wao waligawana mashamba na kukaa. Kuanzia 1016 hadi 1035 nchi nzima ilitawaliwa na mfalme Mdenmaki, Knut. Kwa vizazi kadhaa wenyeji na wahamiaji waliishi jirani, wakioana, wakiuziana ng'ombe na kushitakiana mbele ya mabaraza. Lugha zao zilikuwa za jamaa moja, hata neno la huyu liliweza kueleweka na yule kwa kukisia kidogo.

Kutokana na ujirani huo Kiingereza kilipokea maneno ambayo kwa kawaida lugha haikopi: kiwakilishi «they» (wao), na nomino za kila siku kama «sky» (mbingu), «egg» (yai), «knife» (kisu), «husband» (mume), «law» (sheria). Hayo si maneno ya anasa yaliyoletwa na wafanyabiashara. Ni maneno ya jikoni, ya shamba na ya baraza. Ndani ya mkumbo huo wataalamu wengi wanakiweka kitenzi «die», wakikihusisha na «deyja» cha Kinorsi cha kale, chenye maana ile ile.

Wengine wanapinga. Wanasema kwamba kitenzi cha jamaa hiyo kilikuwapo katika mazungumzo ya Waingereza wenyewe bila kuandikwa, na kwamba Wanorsi walikitia nguvu tu. Hoja yao haidharauliki, kwa maana maandishi ya kale yaliandikwa hasa na watawa, tena kwa lahaja ya kusini-magharibi, na maneno mengi ya midomoni hayakupata kuingia humo. Vyovyote iwavyo, pande zote mbili zinakubaliana juu ya jambo moja: bila watu wa Kaskazini, «die» kisingeshinda.

Ni nini kilichowapata vitenzi vya kale vilivyoshindwa? Havikutoweka vyote. «Sweltan» kilibaki katika «swelter», kulemewa na joto hata kuzimia. «Steorfan», ambacho ni ndugu wa «sterben» cha Kijerumani na «sterven» cha Kiholanzi, kimekuwa «starve». Leo maana yake ni kufa njaa au kuteseka kwa njaa, lakini hapo zamani kilimaanisha kufa kwa sababu yoyote. Kufinyika kwa maana yake kunaeleweka: watu walisema «kufa kwa njaa» mara nyingi kiasi kwamba kitenzi kilimeza njaa ndani yake, kisha nomino ikaachwa. Katika sehemu za kaskazini ya Uingereza kitenzi hicho hicho kiliambatana na baridi, na hadi nyakati za karibuni mtu wa huko aliweza kukitumia kwa kutetemeka tu. Kiswahili nacho kina «kufa njaa», lakini -fa haijamezwa na njaa, kwa sababu hakuna kitenzi kigeni kilichokuja kuchukua nafasi yake ya jumla. Kufinyika kwa maana hutokea pale ambapo mshindani amekwisha kukalia kiti.

3. Wanormani: sheria na adabu

Mwaka 1066 William wa Normandia aliishinda Uingereza. Kwa takriban karne tatu Kifaransa kilikuwa lugha ya mahakama na ya mabwana, na Kilatini lugha ya kanisa. Kwa hiyo kifo cha nyumbani kiliendelea kuitwa kwa neno la wenyeji, lakini kifo mbele ya hakimu, karani na padri kilipata majina mapya.

Hapo ndipo lilipoingia «decease», kutoka Kilatini chenye maana ya kuondoka. «Perish» na «expire». «Mortal» na «mortuary». «Cemetery» lilitoka mbali zaidi, katika Kigiriki cha Wakristo wa kwanza, ambamo maana yake ilikuwa mahali pa kulala. «Coffin», sanduku la maiti, lilikuwa katika Kifaransa cha kale kikapu tu. «Demise», ambalo leo ni tasfida ya kifo, lilikuwa neno la wanasheria kwa kukabidhi mali au milki. Kwa kuwa milki ya mfalme hukabidhiwa afapo, neno la kukabidhi likageuka kuwa neno la kufa.

Mifano miwili inaonyesha jinsi sheria na kifo vilivyofungamana. Wa kwanza ni «mortgage», rehani ya nyumba au shamba, neno linalosomeka wazi kwa msomaji yeyote wa Kifaransa: rehani iliyokufa. Thomas Littleton, mwanasheria wa karne ya 15, alieleza kwamba mdaiwa asipolipa, shamba limekufa kwake. Akilipa, rehani imekufa kwa mdai. Mfano wa pili ni «murder». Neno hilo ni la Kigermaniki, na jamaa wake wa mbali ni «mort» cha Kifaransa; lakini baada ya 1066 lilipata kazi maalumu. Mnormani akikutwa ameuawa na muuaji asijulikane, wakaaji wote wa wilaya walitozwa faini iliyoitwa kwa Kilatini «murdrum». Ili kuepa faini hiyo ilibidi wathibitishe kwamba maiti ni ya Mwingereza. Faini hiyo ilifutwa mwaka 1340 tu. Kwa hiyo kwa karibu karne tatu thamani ya maiti mbele ya sheria ilitegemea kabila lake, na neno lililobeba ubaguzi huo ndilo linalotumiwa leo kwa mauaji ya mtu yeyote.

Kwa msomaji wa Kiswahili mambo haya si mageni. Kiswahili nacho kimehifadhi kitenzi cha nyumbani na kuazima maneno ya heshima. «Kufariki», «mauti», «maiti», «marehemu», «jeneza», «kaburi» na «tanzia» yote yana asili ya Kiarabu, lugha ya dini na ya maandishi katika pwani. «Kufariki» ni kutengana, kama vile «decease» ni kuondoka. Mbuzi hufa, mzee hufariki. Anayesema «mzee amekufa» hajakosea sarufi, ila amekosea adabu. Katika lugha zote mbili, lugha yenye hadhi ya kidini na ya kimahakama ndiyo iliyotoa maneno ya kufunika kifo.

Isidhaniwe hata hivyo kwamba adabu yenyewe ililetwa na wageni. «Forðfēran» ya Waanglo-Saksoni ilikuwapo kabla ya Mnormani yeyote, na Kiswahili kina «kuaga dunia», «kulala» na «kututoka», ambavyo vyote vimejengwa kwa vitenzi vya Kibantu. Haja ya kufunika ni ya kila jamii. Linalobadilika ni kitambaa kinachotumiwa.

4. Tauni na kanisa

Katika kiangazi cha 1348 tauni iliingia Uingereza kupitia bandari za kusini. Katika muda wa miaka miwili iliua, kwa makadirio ya wanahistoria wengi, kati ya theluthi moja na nusu ya wakaaji. Vitabu vingi huiita «Black Death», kifo cheusi, na msomaji hudhani kwamba walioiona waliiita hivyo. Sivyo. Watu wa karne ya 14 walisema tauni, au vifo vikuu. Jina la kifo cheusi lilizoeleka katika Kiingereza katika karne ya 19, hasa baada ya kitabu cha tabibu Mjerumani J. F. C. Hecker kilichotolewa mwaka 1832 na kutafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1833. Hapa mwanahistoria wa lugha hupata onyo la kwanza: jina la tukio linaweza kuwa changa kwa karne tano kuliko tukio lenyewe.

Onyo la pili linatoka katika tauni ya London ya 1665. Wakuu wa mji waliamuru makaburi yote yachimbwe kina kisichopungua futi sita, yaani karibu mita 1.80. Leo Kiingereza kina msemo «six feet under», kuwa chini ya futi sita, na wengi huufungamanisha moja kwa moja na amri hiyo. Lakini msemo wenyewe ulienea katika karne ya 20. Amri ni ya kweli, msemo ni wa kweli, ila kati yao kuna pengo ambalo ushahidi haujaliziba.

Kanisa nalo lilitoa misemo yake. Tafsiri za Biblia za karne ya 16, na ile ya mwaka 1611 iliyoidhinishwa na mfalme James wa Kwanza, zilieneza «to give up the ghost». Kwa Mwingereza wa leo «ghost» ni mzuka, hivyo msemo unaonekana wa kuchekesha, na hutumika hata kwa gari lililoharibika. Zamani «ghost» lilimaanisha roho kwa jumla, kama «Geist» la Kijerumani. Msemo haukubadilika, neno lililomo ndani yake ndilo lililofinyika. Kiswahili kina «kukata roho», na kwa kuwa «roho» haijapoteza maana yake, msemo huo bado unasikika kwa uzito. Mfasiri anayefahamu jambo hilo hataitafsiri «ghost» ya Biblia kuwa mzuka, wala hataweka «kukata roho» pale ambapo Mwingereza anaitania mashine yake.

5. Machinjio, mti wa kunyongea na gereza

Hadi hapa maneno yaliyotajwa yalishuka kutoka juu: kwa watawala, makarani na mapadri. Misemo ya mzaha ilipanda kutoka chini. Mwanzoni mwa karne ya 19 sheria ya Uingereza iliorodhesha makosa zaidi ya 200 yaliyoweza kuadhibiwa kwa kifo, mengi yakiwa ya wizi. Kunyonga kulifanyika hadharani. Huko London watu walipelekwa Tyburn hadi 1783, na desturi ya kunyonga mbele ya watu haikukomeshwa Uingereza hadi 1868. Mahali ambapo maskini alikiona kifo cha wenzake kama tamasha la serikali, haishangazi kwamba mitaa ilikipa kifo majina ya dhihaka.

Mwaka 1785 Francis Grose alichapisha London kamusi ya lugha ya mitaani. Humo msemo wa kupiga ndoo teke umeandikwa, na maana yake imetolewa: kufa. Hadithi inayopendwa inasema kwamba mtu anayejinyonga husimama juu ya ndoo, kisha huipiga teke. Wataalamu wengi wanapendelea maelezo mengine. Katika lahaja ya Norfolk, mashariki ya Uingereza, «bucket» lilikuwa pia jina la boriti ambayo nguruwe aliyechinjwa alitundikwa kwa miguu ya nyuma. Mnyama akitetemeka kwa mara ya mwisho huipiga boriti. Maana hiyo ya boriti ilitoka katika Kifaransa cha kale, wala haihusiani na ndoo. Ikiwa ndivyo, basi msemo ulitoka kwa wachinjaji wa vijijini, na ndoo ya leo ni sadfa ya maneno mawili yanayolingana sauti. Mwanafunzi aliyeshangazwa na ndoo alikuwa na haki ya kushangaa.

«Deadline» ni ushahidi wa wazi zaidi, kwa kuwa mahali na mwaka wake vinajulikana. Mwaka 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, majimbo ya Kusini yalifungua kambi ya wafungwa wa vita huko Andersonville, jimbo la Georgia. Ndani ya ukuta uliwekwa uzio mdogo. Mfungwa aliyeuvuka alipigwa risasi papo hapo. Mstari huo uliitwa mstari wa kifo. Katika wafungwa wapatao 45,000 waliopitia kambi hiyo, karibu 13,000 walikufa, wengi kwa njaa na kuhara. Mkuu wa kambi, Henry Wirz, alihukumiwa na kunyongwa mwaka 1865, na neno lilienea kupitia kesi yake. Katika karne ya 20 waandishi wa magazeti wa Marekani walilichukua kwa saa ya mwisho ya kupokea habari. Leo mwanafunzi anayeulizia tarehe ya mwisho ya kutoa kazi yake hajui kwamba Mwingereza anaitaja kwa jina la uzio wa gereza.

Kinyume chake, kuna misemo yenye neno la kifo isiyohusu kifo kabisa. «Dead ringer», mtu anayefanana mno na mwingine, hufafanuliwa na wengi kwa habari ya maiti waliozikwa na kengele ili wakizinduka waipige. Ukweli ni kwamba «ringer» lilikuwa, katika Marekani ya karne ya 19, farasi aliyeingizwa mashindanoni kwa jina la farasi mwingine, na «dead» hapo ni kusisitiza tu, kama Mswahili asemavyo «kabisa» au «kufa na kupona». Hadithi nzuri si ushahidi.

6. Vita vya 1914-1918: maneno juu ya jiwe

Vita vya kwanza vya dunia viliua zaidi ya wanajeshi 700,000 wa Uingereza peke yake. Katika mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji askari waliendeleza lugha yao ya kifo. Aliyekufa «amekwenda magharibi», huko jua lituako, au «anasukuma maua juu», yaani amelala chini ya majani na maua yanaota juu yake. Misemo hiyo ilikuwa na mizizi katika karne za nyuma, lakini vita ndivyo vilivyoieneza. Wakati huo huo serikali, kanisa na magazeti walichagua neno jingine: «the fallen», walioanguka. Neno hili humweka mfu katika mapambano, amesimama, silaha mkononi, kisha akaanguka.

Mwaka 1917 iliundwa Tume ya Kifalme ya Makaburi ya Vita. Kanuni yake ilikuwa njema: kila aliyekufa atajwe kwa jina, juu ya kaburi au juu ya mnara, bila ubaguzi wa cheo, ukoo wala dini. Katika Ulaya kanuni ilifuatwa kwa uangalifu mkubwa. Katika Afrika ya Mashariki haikufuatwa.

Huko vita vilipiganwa tangu 1914 hadi 1918 dhidi ya jeshi la Wajerumani la Lettow-Vorbeck. Askari wa Kongo ya Wabelgiji waliingia Tabora Septemba 1916, na Kiswahili kilikuwa lugha iliyosikika katika kambi za pande zote. Lakini vita vile havikubebwa na askari tu. Barabara zilikuwa chache na wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o, hivyo chakula na risasi vilibebwa vichwani na mamia ya maelfu ya wapagazi, wengi wao wakiwa wamechukuliwa kwa nguvu. Mtaa wa Kariakoo huko Dar es Salaam umelichukua jina lake kwa kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Wapagazi hawakuanguka kwa maana ya «the fallen». Walikufa hasa kwa kuhara, malaria, homa ya mapafu na chakula kibaya. Kitenzi chao kilikuwa cha kale zaidi: «steorfan».

Mwaka 1927 sanamu ya askari ilisimamishwa katikati ya Dar es Salaam, na nyingine zinazofanana nayo Nairobi na Mombasa. Maandishi ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling, na pamoja nayo yaliwekwa Kiswahili na hati ya Kiarabu. Hapo maneno ya kifo ya Kiingereza na ya Kiswahili yanasimama kwenye nguzo moja. Maandishi yanamwahidi anayeipigania nchi yake kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Lakini majina yenyewe hayamo. Askari na wapagazi Waafrika wanakumbukwa kwa jumla. Maofisa wa makoloni walidai katika miaka ya 1920 kwamba Mwafrika wa kawaida asingeelewa wala kuthamini jiwe la kaburi.

Mnamo Aprili 2021 tume hiyo, ambayo sasa huitwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ilichapisha ripoti na kuomba radhi. Ripoti ilikadiria kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000 wa Afrika na Asia walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa mwanaisimu somo liko wazi. Uteuzi wa neno uliambatana na uteuzi wa watu. Palipoandikwa «walioanguka», mpagazi aliyekufa njiani kwa kuhara hakupata nafasi ya kuingia katika neno hilo, na aliyekosa neno alikosa pia jiwe.

7. Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaweza kufupishwa katika mambo manne. Kwanza, neno la msingi la kufa si lazima liwe la kale katika kila lugha: Kibantu kimelihifadhi lake, Kiingereza huenda kiliazima kwa jirani. Pili, maneno ya heshima hutoka katika lugha ya dini na mahakama, nayo hufuata mamlaka. Tatu, misemo ya mzaha hutoka kwa wachinjaji, wafungwa na askari, na asili yake haijulikani mpaka tarehe na mahali vitafutwe. Hadithi tamu aghalabu huja baadaye. Nne, neno linaloteuliwa kwa mfu huamua pia kama atahesabiwa.

Njia hiyo hiyo inakingojea Kiswahili cha Kongo. Misemo ya kifo inayosikika katika miji ya migodi, katika kambi za wafanyakazi na vijijini, haifanani yote na ile ya Zanzibar wala na ile ya kamusi. Mingine imeguswa na Kibemba, Ciluba, Kifaransa na Lingala; mingine ilizaliwa chini ya ardhi, kazini. Anayeikusanya na aandike si maana yake tu, bali pia nani aliyesema, wapi, mwaka gani, na juu ya mfu wa namna gani. Grose alifanya hivyo kwa sehemu tu mwaka 1785, akiwasikiliza watu ambao wasomi wa wakati wake hawakuwajali, na bila kazi yake msemo wa boriti ungebaki ndoo tupu. Wazee wanaoijua misemo ya kambi za zamani wanazidi kupungua, na kazi hiyo inafaa ianzwe wakiwa bado wapo wa kuulizwa.